Kocha Wetu, Baba Mkwe Wangu

Mume nilimpata na kocha nikampoteza kwa mkupuo mmoja, kwa sababu nilikwenda kuolewa na mtoto wa kocha. Hakuna aliyenilazimisha. Kijana alikuwa akileta mipira kiwanjani kwa baiskeli, ana meno mazuri na hana maneno mengi, nikaona hapa nimefika. Mambo ya mpira wa kikapu sikuyafikiria kabisa. Aliyeyafikiria ni mama yangu mzazi. Siku posa ilipopokelewa aliniita jikoni akaniuliza, "Sasa huyo mzee atakufundishaje, na wewe hutakiwi hata kumtazama usoni?"

Sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Siku hizi wengi wamelegeza. Pale Kyela mjini utawakuta wamekaa sebule moja wanaangalia taarifa ya habari. Kwa mama mkwe wangu, kule Ngonga, hakijalegezwa kitu. Baba mkwe akiingia uani, mimi naingia jikoni. Tukikaribia kukutana njiani penye migomba, mmoja anachepuka. Jina lake silitaji. Chakula nampikia na mashati namfulia, ila anayempelekea ni mama mkwe. Wala msidhani ni uadui. Ni heshima, na ina raha yake: hakuna mzee wa kukusimanga kwamba mboga imezidi chumvi. Tabu yangu ni kwamba mimi nilizoea kusimangwa naye, tena kwa sauti.

Nikiwa shule nilikuwa mrefu kuliko wavulana wote, na urefu ule niliuonea aibu. Nilitembea nimeinama kama mtu aliyeangusha sindano. Yeye alikuja kutufundisha mpira wa kikapu, na siku ya kwanza tu alinipigia kelele mbele ya darasa zima: "Gwe! Wewe! Kikapu kiko juu, chini unatafuta nini?" Nilimchukia wiki nzima. Baadaye nikaanza kunyooka. Kila kitu ninachokijua kwenye mchezo ule, kuanzia namna ya kuweka miguu chini ya kikapu hadi namna ya kumsukuma mtu bila mwamuzi kuona, nilifundishwa kwa makelele ya mzee yule, na nilimpenda kwa hayo makelele.

Halafu nikaolewa, akanyamaza.

Timu yake, aliyoniingiza nilipomaliza shule, haikuvunjika. Tulikuwa wanawake wa Kyela na vijiji vya pembeni, wauza mchele, wakaushaji wa kakao, mwalimu, na nahodha wetu muuza vitenge, ambaye mama yake ni wa upande wa Malawi na mdomo wake hauna mpaka. Kiwanja ni saruji iliyopasuka. Wakati wa mavuno watu huanika mpunga juu yake, na sisi tunasubiri wakusanye turubai zao ndipo tufagie tucheze. Huwezi kumwambia mtu aondoe mpunga wake kwa sababu ya kikapu. Hata kocha mwenyewe huanika wa kwake.

Tulijipanga hivi. Kocha akiita, wenzangu wanakimbilia kwake, mimi nakimbilia upande wa pili, najifunga kanga begani na kutazama barabara. Akimaliza, nahodha anakuja kunipa maelekezo. Maelekezo yenyewe yalikuwa yakipungua njiani. Mzee anasema kwa kirefu namna ya kumzuia mchezaji wao mrefu, nahodha ananifikia anahema: "Amesema kaza." Namuuliza nikaze nini. "We kaza tu, mwamuzi anaita."

Haikuishia hapo. Kwenye mechi benchi letu lilikuwa upande wa kulia wa kikapu tunachoshambulia, na kwenye benchi kuna baba mkwe. Mimi mwili wangu ulikuwa umeshazoea. Mpira ukinijia nikiwa upande ule, nilikuwa nimeshaurudisha kushoto kabla sijafikiri. Wenzangu nao, kwa kunihurumia, wakaacha kunipasia kulia. Timu nzima ikawa inashambulia kushoto tu, mechi baada ya mechi. Wale wa Tukuyu ndio walioshtuka kwanza. Siku tulipocheza nao waliliacha eneo lote la kulia wazi kama uwanja wa gulio siku isiyo ya gulio, wakarundikana kushoto, wakatunyang'anya mipira hadi huruma. Wa Mbeya wakasikia, nao wakafanya hivyohivyo. Kisha wakaja wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, waliochoka na safari, nao wakatufunga.

Ndipo mwenyekiti wa timu akaitisha kikao. Ajenda ilikuwa moja: tubaki na kocha au tutafute mwingine.

Kikao kilikaliwa kwenye veranda ya shule iliyo jirani na kiwanja. Kocha alikaa kwenye kiti, wenzangu kwenye mikeka, na mimi nikakaa nyuma ya kona ya ukuta, pale ambapo nasikia kila kitu bila kuona mtu. Nahodha alijikalia kwenye kona yenyewe, sikio moja kwao, sikio moja kwangu. Kocha akiondolewa, mimi ningecheza kwa uhuru wangu wote, na ningelala kwenye nyumba ya mzee aliyenyang'anywa kitu pekee kinachomtoa shambani akiwa anapiga mluzi. Akibaki, basi tungeendelea kufungwa mpaka mtu aseme wa kuondoka ni mimi.

Mwenyekiti alianza kwa upole. Akasema mzee ametusaidia sana, ila mambo yamebadilika. Mwingine akasema mazoezi ni yaleyale. Mwingine akasema labda tupate kijana aliyesomea. Walizungukazunguka hivyo kwa muda mrefu. Sababu ya kufungwa kila mmoja alikuwa anaijua, maana kila mmoja alikuwa ananipasia kushoto, lakini kuitaja pale ingekuwa kuivunjia heshima nyumba ya mtu. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na pale veranda nzima ilikuwa imeficha.

Kisha nikasikia kiti kinasogezwa. Baba mkwe akasema, taratibu, "Jamani, msihangaike. Mimi nitaondoka. Timu ina mchezaji wa chini ya kikapu ambaye hamtampata tena hapa Kyela, na huyo anahitaji kocha anayeweza kuzungumza naye. Tafuteni mtu huyo."

Nilikuwa nimefikiri ananiona mzigo. Miaka yote ile ya kunyamaziwa nilidhani amenifuta. Badala ya kulia, nikapandwa na hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Nilisema kwa sauti, kwa ukuta:

"Mwambie kocha kwamba akiondoka, na mimi naondoka."

Kila mtu alinisikia. Hata hivyo adabu ni adabu, kwa hiyo nahodha akageuza shingo na kutangaza, "Anasema ukiondoka, naye anaondoka."

"Mwambie asiwe mjinga," alisema mzee.

"Anasema usiwe mjinga."

"Mwambie ujinga ni kuacha timu kwa kufungwa na watu wa Tukuyu!"

"Anasema ujinga ni..."

"Nimesikia. Mwambie Tukuyu hawajatufunga wao. Tumejifunga wenyewe. Mwambie anajua."

"Mwambie najua! Na mwambie mimi nimechoka kuletewa mafunzo kama salamu za harusini. Yeye anasema maneno shamba zima, mimi nafikiwa na punje za kiganja kimoja!"

Hapo nahodha akasimama. "Mimi si redio," alisema. "Nina mdomo mmoja na kazi zangu nyingi. Semeni wenyewe au tufunge kikao."

Nilisikia kuku wa mlinzi wa shule wakiparua chini ya veranda. Nilikuwa nimeshaanza kujuta, nikimfikiria mama mkwe, aliposema baba mkwe, kwa ile sauti ya zamani ya kiwanjani ambayo sikuwa nimeelekezewa tangu niolewe:

"Namba tano. Kwa nini huendi kulia?"

"Kwa sababu kulia upo wewe, Tata," nilimjibu, kama anavyoitwa baba kwetu.

Walicheka wote, mwenyekiti naye alicheka mpaka akakohoa, na katikati ya kicheko kile nilimsikia mzee naye. Nilikuwa sijui kwamba anacheka kwa pumzi, bila sauti, kama mume wangu.

Kocha akapitishwa abaki, mikono yote juu, wangu ukiwa nyuma ya kona. Lakini mikono ile ilikuwa ya watu wa timu. Wa mama mkwe ulikuwa bado, na bila yeye kikao chetu kilikuwa mazungumzo tu. Nilimkuta jioni hiyo anapeta mchele. Habari ilikuwa imeshamfikia, sijui kwa mguu gani, labda kwa bodaboda. Nilipiga magoti nikamsalimu, nikamweleza kila kitu, pamoja na kwamba nilimjibu mume wake mbele za watu. Akapeta, akapuliza, akachagua mawe.

"Ndani ya uzio wangu heshima ni ileile," alisema mwishowe. "Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Huko kwenye saruji yenu mimi sijawahi kufika, na magoti yangu hayanipeleki. Yanayofanyika huko siyaoni." Akapeta tena. "Ila mkifungwa tena na Tukuyu, mzee huyu hali kwangu. Wiki nzima nalala na mtu anayehema kama ng'ombe."

"Ndaga, Mama," nilisema, nikamshukuru kwa moyo wote. Yule mama ni mkali, lakini hana roho mbaya.

Tulicheza na Tukuyu mvua zikiwa zimeanza, kiwanja kinateleza na hewa inanuka kakao ya watu iliyoloa. Walirundikana kushoto kama kawaida yao. Mara ya kwanza mpira uliponijia kulia nilisita, nikasikia nyuma yangu, karibu kabisa, "Gwe! Utaganda hapo mpaka lini?" na miguu ikaenda yenyewe. Nilifunga. Nilifunga tena. Hatukushinda, siwezi kuwadanganya, wale wana pumzi za milimani. Lakini ilikuwa tofauti ya kikapu kimoja na walikwenda zao hawacheki. Mama mkwe alimpa mzee chakula chake.

Kilichonikaa moyoni ni cha katikati ya mchezo. Kocha aliomba muda. Wenzangu walikimbilia kwake, nami nikageuka kushika njia ya kanga yangu, nahodha akanivuta jezi. Nikaingia kwenye duara. Watu walinisogelea huku na huku, mabega yenye jasho, na mbele yangu baba mkwe akawa anaeleza namna ya kumzuia mrefu wao, ameinama, kidole kinachora kwenye saruji yenye maji. Kisha akainua kichwa anitazame kama nimeelewa.

Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Jino la mbele lilikuwa limetoka. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na chini ya jicho kulikuwa na kovu ambalo sikulijua, ambalo huenda lilipona nikiwa jikoni. Mashati ya mtu yule nimefua mimi, kola zake nazijua zinavyochakaa, wali wake naujua anavyoupenda, mlango kwa mlango tumeishi, na amezeeka mimi nikiwa hapohapo. Machozi yalinitoka kabla sijayazuia.

Yeye alidhani nimeumia. Akaacha kuchora, akaniuliza polepole, kama anavyouliza baba, kama ni goti.

"Ndiyo, Tata," nilimwambia. "Linauma kidogo."