Wimbo wa Mume Mvivu

Miaka ya Hali ya Hatari, mchinjaji kama mimi hakutoka Embu kwenda Meru bila pasi, na pasi ilitiwa sahihi na Bwana DO, afisa Mzungu wa serikali ya mkoloni. Bwana huyo alikuwa na ugonjwa mmoja tu, gofu. Mpira wake ukienda sawa, alitia sahihi hata pasi ya shetani. Ukipotea vichakani, hakutaka kuona uso wa mtu.

Zamani ulikuwa ukienda sawa. Wanawake waliolazimishwa kufyeka nyasi za uwanja ule waliimba, panga zikipanda na kushuka pamoja, na fimbo ya Bwana ikafuata mapigo yao bila yeye kujua. Kisha nyimbo zikapigwa marufuku, eti zina kiapo cha waasi ndani. Wakafyeka kimya. Tangu hapo Bwana mara apige kwa pupa, mara asite, mara achimbe udongo kama fuko, na mji mzima ukakosa pasi.

Mimi nilikuwa naoa Meru Jumapili. Baba mkwe alishaapa kwamba nisipofika, binti atapewa mwenye duka mmoja wa Kiirua. Nilimpenda yule binti, na lile duka lilininyima usingizi.

Jumamosi nikasimama kando ya uwanja na karatasi yangu. Mpira wa kwanza, kichakani. Wa pili, mtoni. Bwana akaiva uso kama nyanya. Nikaona harusi yangu inazama.

Nikaimba. Wimbo wa wanawake wa kupalilia, niliousikia kwa mama, wa mume mvivu anayelala ndege wakila mtama. Mwanamume akiuimba hadharani, heri ahame mji. Wanawake wakaangusha panga kwa kicheko. Askari akanielekezea bunduki.

"Wacha yeye!" Bwana akafoka. "Wewe, imba!"

Nikaimba tena. Fimbo ikapanda na wimbo, ikashuka na wimbo, mpira ukaenda moja kwa moja. Na uliofuata vilevile. Akatia sahihi pasi yangu juu ya mgongo wa askari yuleyule, wakaondoka.

"Na sisi je, kijana yetu?" akaniuliza mama mmoja mzee. "Hiyo nyimbo si ni yetu? Ungemwambia atuache twende nyumbani."

Nikakunja pasi, nikashika njia. Nilipofika barabarani nikawasikia nyuma yangu wakiuimba, kwa sauti ya chini.

Meru tulioana kimya, kwa amri ileile ya nyimbo, bila hata kigelegele. Wimbo wa harusi yangu ulikuwa ule niliousikia barabarani.