Mwalimu wa Kivukoni

Kila mwaka mwalimu wa historia wa Rwambuzi huwashusha wanafunzi wake hadi kwenye mto wa mlimani, hukunja suruali, hubana viatu kwapani na kusafisha koo kama padri. "Hapa ndipo mikokoteni ya kwanza ilivuka!" hunguruma, mikono ikivuta kamba isiyokuwepo.

Safari hii Gracia, mwanafunzi wake, aliuliza: "Mwalimu, na weye ulishavuka hii muto?"

Siku zote mwalimu alifundishia ukingoni, kwa kuwa aliyaogopa maji. Lakini darasa zima lilikuwa likimtazama, akaingia. Katikati akateleza, akazama, kofia ikaelea peke yake. Akaibukia ng'ambo akitetemeka, akicheka kuwashinda wote.

"Bon, muliona vile bazee bavukaka! Sasa mutu mumoja akuye anibebe. Miye sirudie mu hii mayi."