Wanafunzi Walionifunga Mdomo

Mume wangu alipopata kiharusi, mguu ulirudi, mkono ukarudi, maneno yakabaki hukohuko. Daktari alisema hali hiyo inaitwa afasia: akili ipo, anakuelewa vizuri, ila neno analolitaka haliji, au linakuja lingine. Mwaka mzima nikawa mdomo wake. Mgeni akimuuliza habari za asubuhi, najibu mimi. Akiulizwa kama ameshiba, najibu mimi. Niliona huo ndio upendo, na mtu angeniambia vingine tungegombana.

Ndipo binti yetu wa mwisho akapata mchumba wa Uyole. Wazee wa kijana wangekuja kwetu Ipogolo baada ya miezi mitatu kusikia jibu, na kwetu jibu hulitoa baba. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akasema mgonjwa asihangaishwe, atajibu yeye. Mume wangu akapiga meza kwa kiganja, soda zikaruka. Sote tulimwelewa: alitaka kumtoa mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe.

Kwa hiyo kila Alhamisi tukawa tunapanda mjini Iringa, kwenye chumba kilicho nyuma ya ukumbi wa kanisa. Huko wanafunzi wanne wanaosomea tiba ya usemi, na mwalimu wao, waliwakutanisha wagonjwa sita wa namna yake. Niliwatazama wale watoto nikakata tamaa. Binti aliyetupokea alipiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Shikamoo," akajibu mume wangu.

Aibu iliyonipata! Mzee mzima kumwamkia mtoto. Nikadakia, "Marahaba, mwanangu, amekosea tu huyu." Binti hakucheka wala hakusahihisha. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mume wangu, akanyamaza. Mume wangu alishajua amekosea. Alikunja uso, midomo ikahangaika. Nikafungua kinywa tena.

"Mama, naomba tumsubiri."

Nilichukia kwelikweli. Kumwacha mkubwa akwame mbele za watu ni kumvunjia heshima, ndivyo nilivyolelewa. Lakini yule binti alisubiri hadi nikamaliza kuhesabu mbao zote za dari. "Mara... marahaba," akasema mume wangu, jasho likimtoka. Binti akaitikia kwa kichwa, akaendelea kumuuliza habari za nyumbani kama mtu na mtu.

Sisi wake na mabinti wa wagonjwa tuliwekwa benchi la nyuma, na amri ya kutodakia. Hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu wale vijana, nikitaka nisitake. Kulikuwa na mzee mmoja aliyebakiwa na neno moja tu, "kumbe". Mwanafunzi wa kiume alizungumza naye nusu saa nzima habari za bei ya mbolea, na zile kumbe zilikuwa za kila aina: ya kushangaa, ya kukasirika, ya kutania. Mzee aliondoka amenyooka mgongo. Mimi na mdomo wangu wote sijawahi kumwondoa mtu hivyo.

Walimfundisha mume wangu kusema "nimekubali", wakigonga meza silabi kwa silabi. Ila nusu ya muda waliwafanya wagonjwa waulizane maswali. Siku moja nikamfuata yule binti.

"Mwanangu, huyu anahitaji neno moja la kujibu. Kuuliza kutamsaidia nini?"

"Mama, mtu anayejibu tu, huyo anahojiwa. Baba anataka kuzungumza."

Nikarudi kwenye benchi langu la nyuma.

Wageni wa Uyole walikuja, wakala, wakashiba. Msemaji wao akasimama, akamgeukia mume wangu. "Mzee, tunangoja kauli yako."

Midomo ya mume wangu ikahangaika. Shemeji akakohoa, akaanza kuinuka. Nikamvuta koti. "Kaa, shemeji. Tunamsubiri."

Tulisubiri. Watu waliangalia viatu vyao.

"Bado," akasema mume wangu.

Wageni wakatazamana. Nilijua neno lisilo lake limekuja, na neno lake nilikuwa nalo mimi, pale ulimini. Nikang'ata meno. Alikuwa amegeukia mlangoni, binti yetu alikosimama na sinia la soda. Akamnyooshea kidole.

"Wewe... una... unataka?"

Chupa zikagongana kwenye sinia. "Ndiyo, baba. Nataka."

"Nimekubali," akasema, bila kukwama hata mahali pamoja.

Mashangazi walipiga vigelegele. Mimi sikuweza. Miezi mitatu nilikuwa nimeongea na wakwe, na fundi cherehani, na wapishi, na kila shangazi mwenye simu, kuhusu ndoa ya yule mtoto. Yeye mwenyewe sikuwa nimemuuliza.