Sura Iliyotokea Kwenye Monita ya Barazani

Monita ya ndani ilikuwa nyeusi tii.

Mimi na bosi wangu tumeiinamia laptop kama watu wanaomlilia marehemu. Kumbe muda huohuo, nje barazani, picha zinapita na umati mzima unaziangalia.

Hatukujua.

Tulijua pale mwanamke mmoja alipopiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka nywele zinanisimama.

Ngoja niwaeleze toka mwanzo.

Ilikuwa mwaka 1998, hapahapa Mpanda, enzi hizo bado tuko mkoa wa Rukwa. Mimi naitwa Josephina. Nilikuwa karani kwenye ofisi ndogo ya shirika lililokuwa linatafuta ndugu waliopotezana kwenye vita vya Burundi.

Warundi kwetu si wageni. Wengine wamezaliwa hukuhuku, tunalima nao, tunasali nao. Vita ilipochacha kule kwao, ndugu zao wakaanza kukimbia, familia zinasambaratika njiani. Mama huku, mtoto kule.

Kazi yetu ilikuwa kuwakutanisha.

Sasa, watoto waliokuwa peke yao kwenye makambi ya Kigoma walipigwa picha, picha zikawekwa kwenye laptop moja, laptop ikaletwa kwetu ili wazazi waje waangalie. Tangazo lilisomwa makanisani mpaka Kasekese huko.

Watu wakaja. Jamani, walikuja! Baraza ilijaa mpaka wengine wakakaa juani.

Landrova ikafika imejaa vumbi. Barabara ya Uvinza ya miaka ile mnaijua wenyewe. Tunafungua laptop, kioo kimepasuka kama kimepigwa nyundo. Ukiiwasha unaisikia inaunguruma, vitaa vinawaka, ila pale kwenye kioo ni kama mtu kamwaga wino.

Nikaishiwa pozi.

Bosi wangu, Bwana Cletus, akanitazama. "Josephina, si tuna lile doki?"

Lile doki lilikuwa limeletwa na mzigo wa ofisi, halijawahi kuguswa. Ni kama sinia nene la plastiki. Unaipachika laptop juu yake, inaingia, ka! Nyuma yake kuna matundu ya kuchomeka monita na kibodi kubwa. Kwa hiyo hata kioo cha laptop kikifa, picha zinatokea kwenye monita za nje.

Ndivyo tulivyoambiwa. Kujaribu, hakuna aliyewahi kujaribu.

"Wewe si umesoma kompyuta Tabora?" Bwana Cletus akasema.

Nimesoma, ndiyo. Nimesoma kuandika barua!

Ila ningefanyaje, na watu wote wale wananiangalia dirishani? Nikajikaza.

Tulikuwa na monita mbili. Moja tuliiweka mezani kwetu, nyingine barazani ili watu waone kwa pamoja. Kulikuwa na waya mmoja wenye umbo la suruali. Kiunoni unaingia kwenye doki, mguu mmoja unakuja monita yetu, mguu wa pili tukaupitisha dirishani mpaka monita ya nje.

Nikapachika laptop. Ka! Nikawasha.

Giza.

Nikachomoa, nikapuliza matundu, nikachomeka upya.

Giza.

Dereva wa Landrova akadokeza kwamba Kigoma alimwona fundi akibonyeza kitufe fulani ndipo monita ikawaka. Kitufe gani? Hakumbuki.

Basi nikaanza kuvibonyeza vyote. Kimoja baada ya kingine, juu mpaka chini. Bwana Cletus naye anatoa ushauri, "Hicho! Hapana, hicho cha pembeni!" Jasho linanitoka, presha inapanda, presha inashuka.

Huko nje nikawa nasikia makelele.

"Huyo wa Libérat! Huyo wa Libérat!"

"Rudisheni! Nyie, rudisheni!"

Nikajua wanagombania nafasi dirishani. Wala sikuinua kichwa. Kila nikibonyeza, makelele. Nikibonyeza tena, makelele. Akili haikuunganisha kabisa.

Mwisho nikachoka. Niliweka mikono mezani, nikalaza kichwa juu yake, machozi yakaanza kunitoka. Nilikuwa nawaza nitatokaje pale mlangoni kuwaambia watu waliotembea kutoka Kasekese kwamba mashine imetushinda.

Nje nako kukawa kimya. Kimya kabisa.

Kimya kile kikachukua muda.

Ndipo ukelele ukapigwa.

"Mwana wanje! Mwana wanje!" Kirundi hicho, yaani mwanangu.

Nilitoka mbio. Monita ya barazani inawaka! Mguu wa waya wa kwetu ndio ulikuwa mbovu, ule wa nje mzima. Na nilivyokuwa nabonyezabonyeza kule ndani, ndivyo nilivyokuwa nazisogeza picha.

Kwenye kioo kulikuwa na binti mdogo, sweta la njano, kovu kwenye nyusi. Anaangalia mbele kama mtoto anayesubiri kugombezwa.

Mwanamke aliyepiga magoti mbele ya monita alikuwa Spès. Huyu mama tulimfahamu. Alikimbia Burundi akapokelewa na mashemeji zake, wakulima wa Kasekese, na kila tangazo likitoka alikuja kumuulizia binti yake Emelyne. Viganja vyote viwili ameviweka kwenye kioo.

"Bwana Cletus!" nikapiga kelele. "Usiguse kitu!"

Sijui alisikia nini, mwenzenu. Akagusa.

Binti akatoweka. Akaja mtoto mwingine. Kabla sijafika ndani, jenereta ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima.

Tulipoiwasha jenereta, laptop ikagoma kuamka. Tuliipachika, tukaichomoa, tukaibembeleza. Hakuna cha kuunguruma wala kitaa.

Spès hakulia. Alinifuata taratibu.

"Mrudishe, dada."

"Siwezi, mama."

"Wewe si ndiye mwenye mashine?"

"Mashine imekufa, mama."

"Basi ifufue."

Niliangalia chini. Jamani, kuna kushindwa, halafu kuna kushindwa mbele ya mama anayekuamini.

Kilichotusaidia ni redio ya mawasiliano. Bwana Cletus akaita Kigoma, akaanza kueleza watoto ambao watu walisema wamewaona. Kijana wa Libérat akapatikana. Wengine wakapatikana, wengine hola. Zamu ya Spès ikafika.

"Binti mdogo, sweta la njano, kovu kwenye nyusi. Ova."

Kelele za redio, halafu jibu. "Huyo yupo. Ila haongei. Tangu aletwe hajatoa neno, hata jina lake hatulijui. Ova."

Spès akasogea karibu na redio. "Anaitwa Emelyne," akasema.

Ikapita kama miezi miwili, binti akaletwa.

Alishuka garini akasimama, mikono imening'inia. Nilitegemea Spès atamkimbilia. Hakukimbia. Alichuchumaa, akafungua kitenge chake mikono yote miwili, akangoja. Binti akamwangalia sana. Halafu akatembea mwenyewe mpaka ndani ya kile kitenge.

Watu walipiga makofi. Bwana Cletus aliinamia pembeni akijifanya anafunga kamba za viatu.

"Ndiye, mama?" nikamuuliza Spès.

"Ndiye."

Wakapanda lori la mahindi kurudi Kasekese. Ofisi yetu ikaja kufungwa, maisha yakaendelea.

Miaka ikapita mingi. Siku moja nimeenda Mwamkulu kununua mpunga, nasikia naitwa, "Josephina!" Ni Spès! Alikuwa amehamia huko, ana shamba, ana nyumba ya tofali. Akanikaribisha ndani, akanipa maziwa. Tukacheka, tukakumbushana. Halafu akanisogelea.

"Josephina, nikuambie kitu. Yule siye Emelyne."

Kikombe kikabaki hewani.

"Emelyne nilimzika mwenyewe, njiani, kabla hatujavuka Malagarasi."

"Sasa mama, ofisini ulikuwa unakuja kufanya nini?"

"Mashemeji waliniambia tuombe, atapatikana tu. Wakafurahi kusema hivyo, nikashindwa kuwaambia. Nikawa nakuja kwenu kukaa na watu wanaosubiri. Nyumbani nilikuwa peke yangu na ninachokijua."



"Siku ile kila picha ikitokea, kuna mtu anaita. Huyu wa fulani, huyu wa fulani. Akatokea yule wa sweta. Baraza lote kimya. Nikasema picha itapita. Haikupita. Imesimama tu, ananiangalia. Nikangoja mtu amwite. Nikangoja weee. Hakuna. Ndiyo nikamwita mimi."

Haikupita kwa sababu kule ndani mimi nilikuwa nimelaza kichwa mezani nalia.

Nilitaka kumuuliza mengi. Je, ningetakiwa kuripoti? Wapi, na ofisi imeshakufa? Nikajikuta nauliza moja tu.

"Na mama yake mzazi akitokea?"

"Nimemwombea atokee kila siku. Akitokea nitamwambia karibu, mwanao huyu hapa, mie nilikuwa namshikia."

"Hajatokea?"

Akatikisa kichwa.

"Na binti mwenyewe anajua?"

Spès akacheka, huku anafuta macho kwa kitenge. "Yeye ndiye alianza! Alikaa kwangu mwaka mzima bila neno. Asubuhi moja tunapalilia, akaacha jembe, akaniambia, 'Mimi siitwi Emelyne.'"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia najua, mwanangu. Unaitwa nani? Akasema, Vénérande."

Nilirudi Mpanda na mpunga wangu.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, la kwangu ni hili moja. Mtu akikosa wa kumwita, mwite wewe. Jina lake atakutajia mwenyewe, siku akikuamini.