Mgomba Uliovaa Shati

Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijakaa mahali hadi wenyeji wakanizoea. Nimepakua saruji, nimepara samaki ziwani, nimeuza laini za simu upande huu na ule wa mpaka. Mwaka juzi nilikuwa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye kibanda cha kujazia watu nyimbo. Lori zikipanga foleni ya kuvuka, dereva hukaa hapo mpaka asahau alichobeba. Anashuka na flashi yake, anasema anataka nini, namjazia: rumba, injili, rege. Kazi yenyewe haitaki akili nyingi. Shida yangu ni kwamba siwezi kupokea flashi ya mtu bila kuchungulia kilichomo.

Dereva mmoja mnene wa njia ya Juba alinipa yake akaniambia niifute yote nimwekee kwaya.

"Kuna vitu ya makelele humo," alisema. "Nilipewa na mwenye baa fulani. Nikiweka, tanboi wangu, huyu wa kunisaidia kwa lori, anashuka anatembea kwa miguu."

"Makelele gani?"

"Gitaa, boss. Inalia kama inachinjwa."

Nilinakili kwanza, ndipo nikafuta.

Ilikuwa roki, tena ya vijana wa kwetu, ya zama za suruali pana chini na nywele za mviringo kama mzinga. Albamu yenyewe niliijua kwa sifa. Wakusanyaji wa santuri ng'ambo huweka picha ya jalada lake mtandaoni na kulizungumzia kama watu wanaozungumzia mnyama aliyetoweka. Vijana wanne, mashati yenye mikunjo kifuani, wamesimama mbele ya ukuta mtupu. Watatu wanaitazama kamera. Wa nne, mwenye gitaa, anatazama pembeni, kana kwamba ameitwa.

Nilifunga mlango wa kibanda nikasikiliza. Besi ilikuwa nzito, inatembea polepole kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Kinanda kilikuwa kama cha kanisani, lakini kimelewa. Juu ya hayo yote kulikuwa na gitaa lile. Nimesikia roki nyingi, za kila aina, kwa sababu dunia nzima hupita Malaba kwa flashi, lakini sikuwahi kusikia gitaa linaloonekana kutotaka kupigwa.

Jalada lilitaja nyimbo nane. Flashi ilikuwa na tisa.

Huo wa tisa haukuwa na ngoma wala besi. Mvua ilikuwa inapiga mabati, mguu unagonga sakafu, na gitaa na sauti ya mtu mmoja. Aliimba kwa Kiswahili, taratibu:

*Mmelaza mgomba kitandani mwangu,*
*mmeuvika shati la jukwaani,*
*mmefunga vifungo vyote,*
*na mimi cha juu sijakifunga maishani.*

Kisha gitaa lilinyamaza. Ukabaki mlio wa mvua tu, muda mrefu, mpaka nikadhani kanda imeharibika. Halafu yule mtu akasema maneno machache kwa Kisamia, lugha ya watu wa huku mpakani ambayo mimi siijui, kwa utulivu. Gitaa likarudi. Likanyamaza tena, mvua tena, maneno tena. Mara ya tatu lilinyamaza na mvua ikaendelea, ikaendelea, na wimbo ukaisha bila yeye kusema chochote.

Nilipofungua mlango, mama anayeuza chapati jirani yangu alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Toa hiyo kitu," aliniambia.

"Ni wimbo tu, mama."

"Wimbo gani? Huyo anajibu mtu. Na mwenye anauliza hasikiki."

Tangu hapo sikulala vizuri. Nilimwonyesha kila mteja picha ya jalada, mpaka mtu mmoja wa Funyula akacheka. "Huyu wa kushoto? Si ndiye mzee anapiga ngoma kanisani Sigalame! Wakati wa sadaka anapiga hadi watoto wanaruka viti."

Nilifunga kibanda nikaenda.

Nilimkuta mzee anaanika ngozi za ngoma juani. Alikuwa mrefu, mkavu, na mkono wake wa kushoto haukutulia hata alipokuwa amekaa. Ulikuwa unapiga goti lake. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya albamu aliniangalia kwa huruma.

"Wewe ni mzungu?"

"Hapana, mzee."

"Maana wanaouliza hiyo maneno ni wazungu. Mmoja aliniuliza kama bado niko hai. Nikamwambia aulize mke wangu."

Lakini alifurahi kusimulia. Walirekodi Nairobi, mchana mmoja. Waliijaza ngoma kubwa blanketi lake la kulalia ili isivume, na jioni blanketi likarudi na harufu ya studio. Mpiga gitaa alikuwa ameipasua karatasi ya spika kwa wembe ili sauti ichanike. Mwenye studio alipoona alitaka kuwafukuza. "Yule wa gitaa alimwambia, 'Boss, acha ipige kwanza, halafu utufukuze.' Tukapiga. Hakutufukuza. Alitoka nje akasimama huko mpaka tumalize."

"Na mpiga gitaa yuko wapi?"

Mkono wake ukatulia.

Alikuwa amevuka kwenda Uganda kupiga kwenye hoteli moja, katika ile miaka ambayo watu walikuwa wakivuka na hawaonekani tena. Walimtafuta wakachoka. Hatimaye ukoo wake, huko Funyula, ulifanya kinachofanywa mtu anapopotea na mwili haupatikani: walikata shina la mgomba lenye urefu wake, wakaliweka kwenye jeneza, wakalilia, wakalizika. Aliyepotea apate pa kulala, na walio hai wapate kuendelea kuoa na kujenga.

"Uliuona huo mgomba?"

"Niliubeba. Ulikuwa mzito kuliko yeye."

Nilimwambia kuna wimbo wa tisa. Akasema hakuna, walirekodi nane. Niliweka simu kwenye spika yangu ndogo nikauwasha.

Alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho. Alipofumbua macho alinitazama kana kwamba nimemletea kitu kutoka kaburini, na sasa nafikiri ndivyo ilivyokuwa.

"Ni yeye," alisema. "Na shati ni lile lililozikwa. Lakini mgomba ulivishwa na dada yake, peke yake, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Sisi sote tulikuwa nje. Mimi mwenyewe nililibeba jeneza likiwa limepigiliwa misumari. Habari ya vifungo naisikia leo."

"Na hayo maneno ya Kisamia?"

"Hayo ni ya nyumbani kwao. Twende."

Dada wa mpiga gitaa alikuwa ameolewa, ndoa ikavunjika, akarudi kwa baba yake zamani sana. Sasa ni mama mzee, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Tulimkuta anapepeta mtama mbele ya nyumba ya zamani ya udongo yenye paa la mabati. Mzee alimweleza kwa heshima, akizungukazunguka, mpaka mama akamkatiza, akimwita shemeji kama alivyowaita marafiki wote wa kaka yake.

"Shemeji, mimi si mtoto. Weka."

Niliweka. Ilipofika kwenye vifungo alinyoosha kidole.

"Rudisha hapo."

Nilirudisha.

"Nilikifunga mimi," alisema. "Hicho cha juu. Nilijua hakifungi, lakini niliona mgomba unaonekana shingo. Hakuna mtu niliyewahi kumwambia."

Gitaa liliponyamaza na yale maneno ya kwanza yakaja, alisimama, mtama ukamwagika wote.

"Zima! Zima, wewe kijana. Yanayofuata hayasikizwi mlangoni."

Alituketisha akatueleza, na alinieleza mimi hasa kwa sababu ndimi pekee nisiyejua. Kwao, mtu aliyezikiwa mgomba akirudi akiwa hai hapiti mlangoni. Mlango umeshamtoa kama maiti. Hutobolewa ukuta wa nyuma, naye husimama nje kwenye tundu. Mtu wa nyumba yake hukaa ndani na kumwuliza maswali matatu. Wewe ni nani? Ulikuwa wapi? Umekuja na nani? Akijibu yote matatu huvutwa ndani kwa mkono, na ule mgomba unakuwa mgomba tu. Asipojibu, tundu linazibwa.

"Hilo swali la tatu ni la nini?" niliuliza.

"Mtu aliyekaa sana huko," alisema, "saa nyingine harudi peke yake."

Mzee alimwuliza kwa upole kama kuna haja, miaka yote hii imepita, pengine kaka yake alikwisha kufa huko alikokuwa na amezikwa na watu wengine.

"Shemeji, mimi nitazikwa hapa kwa baba. Mahali pangu pako pale, kando ya mgomba. Nataka kujua nitalala kando ya kaka yangu au kando ya shina, na yeye anazunguka nje." Akanigeukia. "Hicho kitu chako kina moto wa kutosha?"

Nilimwambia betri imejaa.

Alasiri ile ile aliwaita watoto wawili wa mdogo wake, wanaume wazima wenye familia zao. Walikuja na mtaimbo wakinung'unika.

"Shangazi, hii nyumba ni mzee kuliko wewe. Tukigonga itaanguka yote."

"Ianguke. Wewe uko na nyumba yako ya matofali, si utanipa chumba?"

Huyo akashika mtaimbo.

Walitoboa ukuta wa nyuma, tundu la kupitisha mabega. Yeye aliingia ndani akafunga mlango. Mimi nilisimama nje nikiwa nimeishika spika mbele ya tundu, mzee kando yangu, wale wawili nyuma yetu. Jua lilikuwa kali na mbingu tupu. Kupitia lile tundu sikuona chochote ila giza.

"Weka," sauti ilisema kutoka ndani.

Mvua ya kwenye wimbo ilipoanza kupiga, kuku wote wa boma walikimbilia chini ya upenu. Mmoja wa wale wanaume alicheka, halafu akaacha.

Mistari ikaimbwa, gitaa likanyamaza.

"Wewe ni nani?" mama aliuliza kwa Kisamia, huku mzee akinitafsiria kwa kunong'ona, midomo karibu na sikio langu. Alipomaliza tu kuuliza, jibu likaja. Halikuwahi wala kuchelewa. Alitaja jina lake, la baba yake, la babu yake.

Nilikuwa nimedhani kile kimya ni mtindo wa roki, au kanda mbovu. Kilikuwa kimepimwa. Mtu alikuwa ameketi mahali, na mvua yake, akaacha nafasi ya kutosha kwa dada yake kuuliza.

Gitaa likarudi, likanyamaza.

"Ulikuwa wapi?"

Mzee alisikia jibu na hakunitafsiria. Nilimgusa mkono.

"Anasema, hapa hapa," alinong'ona. "Nyuma ya nyumba. Muda wote."

Sote wanne, bila kuambiana, tuligeuka kutazama nyuma yetu. Kulikuwa na shamba la mihogo, choo, na mgongo wa kichuguu. Hakuna lililotikisika.

Gitaa likarudi, nami nikafikiri mama amezimia huko ndani. Kisha gitaa likanyamaza mara ya tatu na sauti yake ikatoka kwenye giza, imara kama mwanzo.

"Umekuja na nani?"

Mvua. Nilijua hakuna jibu, nilikuwa nimeusikia wimbo ule mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai, na bado nilisubiri. Mzee alikuwa anatikisa kichwa polepole. Mvua ikaendelea hadi mwisho wa kanda, ikakatika, na kuku mmoja mmoja wakaanza kutoka upenuni.

"Hakujibu," alisema mtoto wa mdogo wake. Tayari alikuwa amechukua donge la udongo. "Shangazi, toka huko, tunaziba."

"Ngoja."

"Umesema mwenyewe! Asipojibu tunaziba!"

"Nimesema ngoja! Kaka yangu hakuwahi kunidanganya hata siku moja. Kama angekuwa peke yake angesema yuko peke yake. Hakutaka kunidanganya, ndiyo maana amenyamaza."

Mkono wake ukatokea kwenye tundu, mweusi, mishipa imesimama, kiganja juu.

"Mlete."

Nilimtazama mzee. Yeye alitazama chini. Nikaiweka spika kwenye kiganja kile, na kabla sijaachia nilihisi ikivutwa kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mama wa umri ule. Ikapita. Udongo kidogo ukaanguka kutoka ukingoni.

Tulizunguka tukaingia kwa mlango. Alikuwa ameiweka spika juu ya kiti cha baba yake na kuifunika leso mpya, yenye mikunjo ya dukani. Taa yake ndogo ya buluu ilikuwa inapumua chini ya kitambaa. Alikuwa analia, lakini mikono yake ilikuwa inafanya kazi: alivuta meza, akaipangusa, kisha akakokota kiti kingine kutoka chumbani na kukiweka kando ya kile cha kwanza. Alikirekebisha mpaka kikakaa sawa.

"Msisimame mlangoni, mnawazibia," alituambia. "Na mmoja wenu alete chai kutoka jikoni. Vikombe vya wageni ni viwili."