Kome Wasioshika Mwamba

Walimwita Mama Kisu, na jina hilo halikutokana na ukali, ingawa ukali nao alijaliwa. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akibandua kome kwa kisu kifupi kwenye miamba, pale mto unapoingia baharini, kisha akiwauza sokoni. Kome hujishikiza kwa nyuzi ngumu. Ukimvuta kwa mkono, utang'oka wewe kwanza.

Mwaka huo, kome wa karibu na karakana ya kuvunja betri kuukuu walianza kutoka kwa vidole tu. Mama Kisu hakuelewa, lakini nani anakataa kazi nyepesi? Akajiambia kuwa hao ndio laini kuliko wote, na sokoni hakuwapeleka. Aliwapeleka nyumbani kwa bintiye, mwenye mimba ya kwanza ya miezi sita, ambaye tumbo lake lilikuwa halikubali kingine ila supu ya kome.

Siku moja akamkuta mtaalamu wa viumbe wa majini, dada mmoja aliyevaa buti zilizomzidi, akijaza kome kwenye chupa.

"Mama, hawa wanaobanduka ovyo ni wagonjwa," alisema yule dada. "Maji ya karakana yana risasi, ile inayotumika kwenye betri. Ikiwaingia, nyuzi zinalegea, ganda linachelewa kufunga, hata moyo unapiga kwa kusuasua."

"Kumbe kome ana moyo?"

"Anao, mama."

"Lakini mbona supu yao tamu?"

"Risasi haina ladha."

"Basi nitawachemsha mpaka wakome."

"Hata ukichemsha siku nzima, haitoki. Na kama kuna mjamzito aliyewala, akapimwe damu upesi."

Mama Kisu alirudi akiwa haelewi mbele wala nyuma. Sumu gani hiyo isiyonuka, isiyobadilisha hata rangi ya mchuzi? Alipita mlango wake mwenyewe, akageuka. Akatia chumvi kwenye chai, akainywa yote bila kugundua. Huenda yule dada amekosea. Huenda hakukosea. Akisema, binti atapata mshtuko, asiposema, je?

Hapa ndipo aliponikera, na sijamaliza kukereka: alikaa kimya siku mbili nzima. Binti akiomba supu, anajibiwa kuwa maji yamejaa. Siku ya tatu alimkuta amekaa jikoni, mkono juu ya tumbo, akicheka peke yake kwa sababu mtoto amepiga teke. Mama Kisu akashindwa kuvumilia. Alisimulia yote, akirukaruka kutoka karakana hadi moyo wa kome, mpaka binti akamwomba aanze upya.

Alipoelewa, binti hakulia. Alisimama, akachukua kadi yake ya kliniki.

"Twende sasa hivi. Tukapimwe wote wawili."

"Mimi sina haja."

"Kwa nini, mama?"

"Sikuonja hata mmoja. Wote nilikuwa nakuachia wewe."