Unene wa Ng'ombe wa Mahari

Miaka ile ya tisini nilikuwa na ng'ombe mmoja pale Gatina, Kawangware, nyuma ya vyumba nilivyojenga mwenyewe kwa mabati na mbao za masanduku. Shule niliiacha darasa la pili. Nilichokuwa nacho nilikipata kwa mikono hii, na huyo ng'ombe ndiye aliyekuwa mkubwa wa vyote. Lakini hakuwa wangu tena. Alikuwa mahari ya mke wa kijana wangu.

Mkwe wangu, baba ya msichana, alikaa Lindi kule Kibera, chumba cha kupanga kama sisi wengi tuliotoka magharibi. Tulikubaliana ng'ombe azae kwanza, kisha apande lori na ndama wake waende kijijini kwao mkwe. Msichana alikuwa ameshahamia kwangu na tumbo limeanza kuonekana. Mkwe alisema wazi mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba ng'ombe asipofika, binti anarudi. Hakuwa mtu wa kutisha bure. Dada ya huyo msichana alikuwa amesharudishwa hivyo hivyo, na mtoto mgongoni.

Kila Jumapili akitoka kanisani alikuja. Hasalimii watu. Anakwenda moja kwa moja bomani, anabonyeza ubavu wa ng'ombe kwa vidole, na akigusa mfupa anakunja uso. Kwetu ng'ombe wa mahari akishuka kwenye lori amekonda, kijiji kizima kitasema binti ametolewa kwa mifupa. Basi tukalisha. Ugali uliobaki hotelini, pumba za kinu, machicha ya pombe ya busaa kutoka kwa mama jirani, yote yaliingia tumboni mwake. Mkwe mwenyewe alibeba mfuko wa makombo kutoka Lindi mpaka kwangu kwa miguu, akiwa ndani ya suti yake ya kanisa. Mke wangu peke yake ndiye aliyenung'unika kwamba mnyama ana mimba, hapelekwi kuchomwa nyama.

Siku moja daktari wa mifugo aliyekuja kutibu ng'ombe wa jirani alichungulia juu ya mabati yetu. Akakaa pale akimtazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mzee, punguza," akaniambia. "Huyu akizaa, hayo mafuta yatamrudia."

Nikamjibu kwamba mahari haipimwi na daktari, inapimwa na mkwe. Hata leo ningejibu hivyo. Yeye hakuwa na mtoto wa kuoza pale.

Ng'ombe akazaa ndama jike, tena vizuri. Maziwa yakajaa ndoo, mke wangu akatafuta chombo kingine. Majirani wakaja kushangaa. Kisha, tukiwa bado tunasifiwa, ng'ombe akaukataa unga. Akaacha na machicha. Alitaka mabua makavu tu, na baadaye hata hayo akawa anayabeba mdomoni na kusahau kutafuna. Mavi yakawa magumu. Ule unene uliomfurahisha mkwe ukashuka mbele ya macho yetu, nyonga zikachomoza. Akawa analamba mabati, analamba nguzo, analamba hewa. Na pumzi yake ikanuka utamu, kama nanasi lililoanza kuchacha.

Mama muuza busaa aliinusa akacheka. "Mzee, huyo sasa ni mteja wangu. Mwambie aje na bakuli lake."

Watu wakacheka naye. Mimi sikucheka. Muuza nyama wa pale kona alikuwa ameanza kupita nyuma ya boma langu, na hiyo haikuwa njia yake. Mkaza mwana wangu naye aliacha kula. Alikuwa anakaa mlangoni akimwangalia yule ng'ombe kama mtu anayesomewa kesi.

Nikamwita daktari. Alidondosha maziwa kwenye unga mweupe aliokuja nao, na unga ukageuka zambarau. Akanieleza. Maziwa yanatengenezwa kwa sukari ya damu, na huyu maziwa yake yalikuwa yanaichota kuliko mdomo unavyoweza kurudisha, kwa sababu ng'ombe aliyenona sana huzaa bila hamu ya kula. Kwa hiyo mwili unajiyeyusha. Mafuta yanakimbilia damuni, yanajazana kwenye ini, na ini likishindwa, damu inachafuka. Ule utamu ulikuwa ni mafuta yake mwenyewe yanayoungua. Akamtia maji ya sukari kwenye mshipa wa shingo, akatuachia molasi ya kumnywesha.

"Damu nimeisaidia," akasema akikusanya vyombo. "Ini siwezi kulifikia na sindano."

Ng'ombe akaamka kidogo, akala majani ya nepia, tukapata moyo. Jumapili asubuhi akalala chini, shingo imegeukia ubavuni, akakataa kuinuka. Mkwe akaingia na mfuko wake wa makombo. Akabonyeza ubavu. Vidole vikazama kati ya mbavu. Akainusa pumzi.

"Mmempa pombe?"

"Nimempa ulicholeta," nikamwambia.

Mkwe alivua koti, akachuchumaa, akakiweka kile kichwa kizito juu ya mapaja yake. Ng'ombe akafia pale pale.

Daktari niliyemwita tena alimpasua, akamfukuza muuza nyama. Ini lilikuwa limevimba, rangi ya njano, na kisu kilitoka kimepakwa mafuta. Akakata kipande akakitia kwenye ndoo ya maji. Ini huzama. Hili likaelea. Tulisimama kuzunguka ile ndoo, na mlangoni yule msichana amejishika tumbo, akingoja baba yake aseme.

Mkwe alikitazama kile kipande mpaka nikatamani kukimwaga. Mwisho akauliza, "Ndama ni jike, sivyo?"

Hivyo binti akabaki. Ndama alipoacha maziwa akapandishwa lori badala ya mama yake, na kijana wangu akaendelea kuwa na mke.

Muda ukapita, mpaka dereva wa lori hilo akanisimamisha njiani kunipa salamu za mkwe, ambaye sasa alikuwa amerudi kukaa kijijini kwao. Akaniambia yule ndama wetu, mtamba sasa, ana mimba, na kijiji kizima kinakwenda kumtazama. Mkwe anamlisha kwa mkono wake. "Ubavu wake, mzee," akasema akichekelea, "ubonyeze utakavyo, mfupa huupati."